Kapteni, Alama Uliyonipa Haina Samaki

Kapteni,

Tangu uondoke, mvuvi mkubwa kuliko wote katika ziwa hili ni mimi. Usicheke huko uliko. Kuanzia mpaka wa Uganda hadi visiwa vya Muleba hakuna sangara asiyeijua sauti yangu. Nikikohoa asubuhi wanajipanga kama wanafunzi mstarini, wafupi mbele, warefu nyuma, wananingoja nichague. Juzi ziwa lenyewe liliniamkia shikamoo. Nikaliitikia marahaba, nikaliambia litulie maana nina wageni. Watu wa mikoa mingine wanasema sisi Wahaya tunajisifu. Hao hawajakutana na mimi. Wangekutana na mimi wangesema Wahaya wengine wote ni wanyenyekevu.

Haya, nimemaliza. Ulikuwa unaniambia, "Proje, jisifu kwanza uishe, halafu tufanye kazi." Nimejisifu nimeisha. Kazi niliyokaa chini kuifanya leo ni kukuambia kwamba umenisaliti. Wewe, Kapteni. Angekuwa mtu mwingine nisingejisumbua na kalamu, unajua mimi na kalamu tuliachana kidato cha pili na hakuna aliyemlilia mwenzake.

Lakini habari za nyumbani kwanza. Mtu hagombezwi kabla hajapewa habari.

Ma Koku wako, mkeo, mzima. Amekonda kidogo, lakini ukali haujakonda. Ile boti uliiacha imepakwa rangi ubavu mmoja. Presha ilikuangusha brashi ikiwa mkononi, upande wa kushoto bluu mpya inang'aa, upande wa kulia bado ile kijani ya zamani inayobanduka kama ngozi ya mgonjwa. Ma Koku amemkataza mtu yeyote kuimalizia. "Ataimaliza mwenyewe," alisema msibani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza lini. Kwa hiyo tunatembea na boti ya rangi mbili. Mtu akikaa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, akatutazama, tukienda anaona boti ya kijani, tukirudi anaona ya bluu. Wageni wakiuliza nawaambia ndio mtindo wa mwaka huu.

Kule Kishanda wamekujengea kaburi vizuri. Siku ya kumaliza matanga nilipanda basi hadi Muleba, pale nikachukua bodaboda, mvua ikaninyea njia nzima, nikafika kibanjani kwenu nimelowa kuliko nilivyowahi kulowa ziwani. Mpwa wako Byabato alikuwa amesimama chini ya migomba analia kimya, kama kawaida yake, hata machozi yake hayana sauti. Mimi nililia kwa sauti. Nililia mpaka dada yako mkubwa akanijia na kuniuliza, "Bojo, wewe ni mtoto wake yupi?" Nikamjibu, "Wa ziwani." Akanishika mkono akanipeleka kukaa na watoto wako. Nilikaa nao, Kapteni. Sikuona aibu. Nilijua nina haki ya kukaa pale.

Nisikilize sasa nilikuwa na haki kwa sababu gani.

Unakumbuka ile asubuhi uliyoniita nyuma ya boti? Wageni wetu wa kuvua walikuwa hawajafika, Byabato alikuwa ametumwa mafuta. Ulitoa mfukoni tunda moja la kahawa kavu. Ukalipasua kwa meno, zikatoka mbegu mbili, zile pacha zinazolala zimekumbatiana. Moja ukatia mdomoni mwako, nyingine ukaniwekea kwenye kiganja. Nilishtuka. Hata mimi niliyetoroka shule najua maana ya mbegu mbili za tunda moja. Wazee walikuwa wanachanja tumbo, wanapaka damu, wanakula, na kuanzia hapo wewe na yeye ni ndugu, ukimdanganya unavimba. Wewe ulisema, "Damu tuiache, siku hizi kuna magonjwa. Kahawa inatosha." Tukatafuna tumetazamana kama mbuzi wawili.

Halafu ukanipa alama. Ukanigeuza uso ukanionyesha kwa kidole: pembe ya kisiwa cha Musira iguse ile rasi ya mbali, isiiache wala isiifunike, na nchi kavu, mnara wa kanisa ukae juu ya lile jiwe jeupe ambalo ndege wamelipaka kwa njia zao. Mistari hiyo miwili inapokutana, chini kuna mwamba, na pembeni mwa mwamba wamelala sangara mama. "Hiki sijampa hata mke wangu," ulisema. "Usimwambie mtu, Proje. Mtu."

Kapteni, mimi nilitoka Kashai nikiosha bodaboda za watu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia "usimwambie mtu", kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kitu. Siku ile nilitembea mwaloni kama askofu.

Na kweli, jioni ile ile nikamwambia mtu. Hilo unalijua. Ulinituma Kashai nikachukue mafuta ya mashine, na pale pale jirani ndipo Sadoki anapokunywa, Sadoki mwenye nyavu zile zilizokatazwa, zenye macho madogo hata dagaa anapiga chafya kabla ya kupita. Sadoki akanipa glasi. Akasema, "Nyinyi watu wa fimbo na ndoano mnavua kwa bahati tu." Ningefanyaje? Heshima ya boti ilikuwa hatarini. Nikamwambia kila kitu: pembe, rasi, mnara wa kanisa, jiwe jeupe, na nikaongeza kwamba mwamba wenyewe niliugundua mimi.

Keshokutwa yake nyavu za Sadoki zilikuwa pale. Nilikaribia kufa kwa hofu. Ulikuwa umesimama kwenye boti umeshika kiuno, unawatazama wanavuta matope na magugu, na ulikuwa unacheka. Mimi nikadhani unacheka kwa uchungu, kama watu wazima wanavyocheka wakiumizwa. Nilikwenda hadi kwa padri, Kapteni. Nilipiga magoti nikaungama kwamba nimekula kahawa na mtu na nimetoa siri yake. Nikapewa rozari za toba nikazisali zote, nyingine nikasali mara mbili kwa sababu nilisinzia. Nilikaa na ile dhambi mpaka ukafa. Siku ile pale Kishanda, nilipolia kwa sauti, sehemu ya kilio ilikuwa hiyo.

Sasa sikia.

Wiki mbili baada ya matanga Ma Koku alituita mimi na Byabato, akatukalisha kwenye benchi lako. Akasema boti haiwezi kuwa na makapteni wawili, na haiwezi kukaa bila kapteni. Kuna mgeni anakuja, anataka safari ya nusu siku, kutoka alfajiri hadi jua la utosi, kuvua sangara kwa fimbo. "Proje," akaniambia, "wewe ndiye unayesema kila siku kwamba mwenzangu alikuachia kazi. Nakupa hiyo safari. Mgeni akirudi amevua, unashika mashine. Akirudi mikono mitupu, anashika Byabato, na wewe sitaki kusikia neno." Nikamwambia, "Ma Koku, waitu, neno utakalosikia ni pongezi." Byabato alikubali kwa kichwa. Byabato akiungua moto atainua mkono kuomba ruhusa ya kupiga kelele.

Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu. Maana nilikuwa na ile alama. Nilijua pale pako salama, Sadoki alishapachoka tangu siku zile za matope, na matope yale nilidhani ni ya nyavu zake tu, fimbo ndiyo inayoufikia mwamba. Nilijisemea, Kapteni amenirithisha. Wengine wanarithi migomba, mimi nimerithi mahali majini ambapo hakuna mtu anayeweza kuweka uzio.

Mgeni akaja. Mama wa Kimarekani, nywele nyeupe zote, anaitwa Mama Ruti. Alifundisha Muleba ujanani, na Kiswahili chake ni kile cha darasani, kimepigwa pasi. Nikamwambia, "Mama karibu, leo utavua mpaka uombe poo." Akaniambia, "Asante sana, kijana. Nitafurahi iwapo tutafanikiwa." Iwapo! Sikuwa nimesikia mtu akisema iwapo tangu mwalimu wangu wa mwisho aliponifukuza.

Nikampa kahawa ya kutafuna kama ulivyokuwa unawapa wageni, nikamvalisha boya, tukaondoka. Mimi nimeshika mkono wa mashine, Byabato amekaa mbele mahali pangu. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa, na wale wadudu wa ziwani walikuwa wanapanda kwa mbali kama moshi wa kijiji kinachopika. Nilitamani unione. Kwa nini hukuwahi kuniachia ule mkono wa mashine hata dakika moja? Kila safari, "Proje, kaa mbele na wageni. Wachekeshe. Wakutazame wewe." Nami nakaa mbele, nimewatazama wageni, wewe ukifika unaigeuza boti ielekee pwani, nchi kavu nimeipa kisogo, napiga stori. Kumbe.

Tukafika. Pembe ikagusa rasi. Mnara wa kanisa ukapanda taratibu juu ya jiwe jeupe ukakaa kama kofia. Nikazima mashine, nikasema kwa sauti ya padri, "Mama Ruti, chini yako kuna sangara ambao wakisimama kwa mkia wanafika kidevuni kwako."

Akatupa. Akavuta. Akatupa. Anatupa vizuri yule mama, fimbo inalia fyuu, yule samaki wa plastiki anatua mbali bila kishindo. Akaniambia kwao huvua asubuhi kama hii, baharini, samaki mwenye mistari myeusi ubavuni, na kule nako kuna kiongozi anayekuonyesha mahali. Nikamwambia, "Wa kwetu hana mistari kwa sababu hana muda wa kujichora, ana kazi ya kukua."

Hakuna kitu. Nikabadilisha chambo. Hakuna kitu. Nikamsimulia ile hadithi ya sangara aliyenivuta mpaka karibu na Uganda nikarudi na pasipoti. Akacheka mpaka akafuta miwani. Hakuna kitu. Jua likapanda, nikahisi jasho linashuka mgongoni ingawa upepo ulikuwa bado wa baridi. Nikamwambia samaki wamefunga, labda ni Kwaresma yao. Akacheka tena, lakini safari hii alicheka kwa adabu, na mtu akianza kukuchekea kwa adabu, Kapteni, ujue umekwisha.

Nilikuwa nimetazama maji nikiomba. Nilikuwa nakuomba wewe. Nilisema kimoyomoyo, Kapteni, tulikula kahawa, niletee mmoja tu, hata mjinga.

Ndipo Byabato akainua mkono. Naapa, aliinua mkono kama darasani.

"Kaka Proje."

"Nini?"

"Tusogee kidogo."

"Tusogee wapi? Hapa ndipo."

Akaonyesha kilimani kwa kidevu. Halafu akasema, bila kunitazama, "Siyo mnara wa kanisa, kaka. Ni mnara wa simu."

Nikageuka nikatazama nchi kavu. Mnara wa simu upo pale kilimani, mwembamba, mwekundu na mweupe, umekuwepo pale miaka yote nimeugeuzia kisogo. Nikamuuliza, "Nani kakwambia?" Akasema, "Mjomba." Neno moja. Mama Ruti alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, fimbo ikiwa magotini.

Ningeweza kukataa. Mashine ilikuwa mkononi mwangu. Lakini mgeni ni mgeni, na nilitaka nione kwa macho yangu kwamba Byabato anadanganya. Nikawasha. Tukasogea, siyo mbali, Kapteni, mtu mwenye masikio mazuri angenisikia nikimtukana kutoka pale hadi huku. Pembe ikabaki kwenye rasi. Mnara wa simu ukapanda juu ya jiwe jeupe.

Mama Ruti akatupa. Hata hajazungusha vizuri, fimbo ikainama kama imeitwa.

Sitakueleza vile vita vyote kwa sababu wewe umeviona mara nyingi. Mshipi ulipiga kelele mpaka Byabato akasahau ububu akapiga kelele pia. Yule sangara aliruka mara moja, akatikisa kichwa chake kile cha mdomo wazi, nikaona jicho linawaka dhahabu. Mama Ruti alikuwa anasema "Ala! Ala!" na mimi nimemshika boya kwa nyuma asije akaondoka na samaki. Tulipomfikisha ubavuni, upande wa bluu, tuliinama wote watatu kumtazama. Alikuwa mama mwenyewe. Tumbo kama gunia.

Mama Ruti akasema, "Tumpige picha, kisha mrudisheni."

Nikasema, "Tumrudishe nani?"

"Samaki."

"Mama, huyu ni mboga ya ukoo! Bondo lake tu la tumboni, linavyonunuliwa ghali, lingemsomesha mtu!"

"Ana mayai," akasema. "Mrudisheni, tafadhali." Na Byabato akamshika vizuri chini ya taya, akamweka majini, akamsogeza mbele na nyuma taratibu mpaka akapata pumzi, kama vile unavyoamsha mtoto. Alifanya kama wewe. Mikono yake ilikuwa mikono yako. Nilitazama pembeni.

Akavua wengine watatu wa wastani, wawili tukala mwaloni kwa ndizi. Mama Ruti akamwambia Ma Koku, "Kijana huyu ni mchangamfu sana, bila yeye ningesinzia. Na yule ni hodari sana, bila yeye nisingevua." Kiswahili cha pasi, kinakata pande zote mbili. Ma Koku alinitazama, akamtazama Byabato, akaelewa. Wewe ulioa mwanamke anayeelewa. Akasema, "Byabato ashike mashine. Proje, utakaa mbele na wageni." Mbele na wageni. Maneno yako yale yale, kwa sauti ya mkeo.

Baadaye tulikuwa tunaosha boti, mimi na Byabato, Mama Ruti ameshaondoka. Nikamwambia, "Sawa. Ni mpwa wake. Damu ni damu. Mimi ni mtoto wa kuokotwa Kashai, ningetegemea nini." Nilikuwa nimeshajiandaa, Kapteni. Damu ningeisamehe. Kila mtu anaelewa damu.

Byabato akaacha kusugua. Akasema, "Siyo damu, kaka."

"Ni nini basi?"

"Usikasirike."

"Sema!"

"Mjomba alisema nyavu za Sadoki zitamaliza mwamba. Alisema hakuna namna ya kumzuia, ila kumpeleka kwingine. Akasema nani atampeleka? Tukimwambia sisi hatatuamini. Akasema," hapo Byabato akaanza kusugua tena, "akasema tumpe Proje alama ya matope, tumwambie ni siri kubwa. Kabla jua halijazama Sadoki atakuwa nayo."

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye maji, na ya kuoshea boti yakanimwagikia.

Kwa hiyo ile asubuhi ulinipanga. Ile "usimwambie mtu, Proje" ulikuwa unanisukuma nikaseme. Yale mafuta ya mashine, Kapteni! Kulikuwa na dumu zima chini ya benchi, nililiona, nikashangaa, sikuuliza. Ulinituma Kashai kama mtu anavyotuma barua. Na ulipokuwa umeshika kiuno unacheka, hukuwa unacheka kwa uchungu. Ulikuwa unacheka tu.

Na mimi nilikuwa kwa padri.

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Uniite mropokaji, ni kweli, hata mama yangu alisema nilizaliwa naongea. Ungeniambia, "Proje, wewe sikuamini," ningekasirika siku tatu, ya nne ningekuja kuomba chai. Ungeniambia, "Proje, nenda kamdanganye Sadoki," ningekwenda kwa furaha, ningemdanganya vizuri zaidi, ningeongeza na machozi! Mimi ndiye mwongo bora kwenye mwalo wote, na ulinitumia bila kuniambia, kama mtu mwenye redio nzuri anaiweka shambani kufukuza ndege. Lakini kahawa? Kwa nini ulinipa kahawa? Ungeniambia uongo mkavu nisingeona tofauti. Wewe ukapasua tunda, ukanipa nusu, ukanitazama machoni, tukatafuna.

Nilimuuliza Byabato, "Na wewe alikupa kahawa?" Akafikiri sana. Akasema, "Hapana. Mimi alinionyesha tu."

Basi yeye ulimpa samaki bila undugu, na mimi ulinipa undugu bila samaki. Nimeligeuza hilo mpaka kichwa kinauma. Kuna asubuhi naamka nasema, labda alinipenda, hakujua namna nyingine ya kuniomba msamaha mapema. Kabla chai haijachemka nimeshabadilika, nasema, alikuwa anakolezea chambo. Na wewe huwezi tena kunijibu, ndiyo ubaya wa watu waliokufa, mnakuwa na neno la mwisho hata kama hamkulisema. Ningekupata hai kwa muda wa kutafuna mbegu moja ningekuuliza hilo tu. Nisingeuliza kuhusu alama. Alama zibaki.

Mashine imeshikwa na Byabato sasa. Anaiendesha kama wewe, polepole, utadhani amebeba mayai. Mimi nakaa mbele, nachekesha wageni. Lakini nakaa upande, siwapi nchi kavu kisogo tena. Naona kila kitu. Naona mnara wa simu ukipanda. Kuna siku nakukumbuka unavyofunga ndoano kwa meno huku unaimba vibaya, unavyonigawia kichwa cha sangara chote na macho, unasema, "Kula, Proje, uongeze akili," na unaniangalia nikila. Halafu nakumbuka ile kahawa, na hasira inarudi mahali pake kama boti iliyofungwa kamba fupi.

Sasa niage, maana karatasi inaisha. Kwaheri, Kapteni. Lala vizuri chini ya migomba yenu. Leo bado sikusamehi, lakini Krismasi nitakuja Kishanda kukung'olea magugu, nitayang'oa nikiwa nimekununia, usishangae. Na ninakuahidi jambo moja, na hili siahidi kwa mdomo, naliandika: kesho asubuhi, kabla Byabato hajawasha mashine, nitawaambia yeye na Ma Koku jambo nililofanya, kabla hawajaliona wenyewe majini. Nilikuwa nataka barua hii iishe bila kulitaja. Imekataa kuisha.

Siku ile ya Mama Ruti, baada ya kuosha boti, nilikwenda Kashai. Jua lilikuwa bado liko juu. Sikutumwa na mtu. Sadoki alikuwa amekaa mahali pake, akingoja nyavu zake zimalizwe kushonwa, nikakaa mbele yake, nikamwambia kuna mwamba. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Proje, bwana! Bado unauza yale matope?" Wote waliokuwa pale wakacheka. Ningeweza kucheka nao nikaenda zangu, na mwamba wako ungebaki salama, ulikuwa umeujengea ukuta kwa mdomo wangu na ukuta ulikuwa bado umesimama. Sikuwa nimelewa. Sikujisifu hata kidogo, sikusema ni mimi niliyeugundua. Nilichovya kidole kwenye pombe ya lubisi nikamchorea mezani, taratibu, kwa akili zangu timamu: pembe hii, rasi hii, jiwe hili, mnara wa simu huu.

Sadoki akaacha kucheka. Akaitazama ile meza mpaka ikakauka.